Jibu: Kwa nini Usagi wa Sailor Moon anapendwa hivyo?

Habari ndugu. Umeuliza kwa nini mashabiki wanampenda Usagi, shujaa mkuu wa katuni ya Kijapani Sailor Moon, msichana wa miaka 14 anayelialia, anayechelewa shule na kufeli mitihani, ilhali Ami, shujaa mwenzake mwenye akili, yupo palepale. Anza na sehemu ya kwanza ya katuni ya 1992. Kabla hajajua ana nguvu yoyote, tena amechelewa shule, anasimama kumwokoa paka Luna kutoka kwa watoto watukutu. Pambano la kwanza likifika, anaogopa na kuangua kilio, na kilio hicho kinamtikisa adui! Mimi hesabu zilinitoa machozi utotoni, kwa hiyo nilimwona kama mwenzangu wa darasani. Kisha tazama anavyogombana na Rei, shujaa mwenzake mwingine. Hapo ndipo nilipompenda kabisa.