Unalipia faiba ya 200 Mbps (megabiti kwa sekunde), kipimo cha kasi kinagoma kwenye 94

Hiyo 94 inasema mengi. Kiungo cha 100 Mbps, ukitoa kinachotumika kubeba pakiti (vifurushi vidogo vya data) zenyewe, hubakiwa na kama 94 au 95. Kwa hiyo kabla ya kumpigia mtoa huduma, kagua waya kati ya ruta na kompyuta.

Kwenye Windows fungua mipangilio ya mtandao, sehemu ya Ethernet, uangalie kasi ya kiungo. Ukikuta 100/100, mshukiwa wa kwanza ni kebo. Ndani yake kuna nyaya 8, yaani jozi 4. Gigabiti (kasi ya 1000 Mbps) inazihitaji zote. 100 Mbps inatosheka na nyaya namba 1, 2, 3 na 6. Uzi mmoja wa bluu au wa kahawia (hizo ndizo 100 haizitumii) ukikatika, au usipobanwa vizuri kwenye kichwa cha RJ45 (plastiki ya mwisho wa kebo inayochomekwa), vifaa hushuka vyenyewe hadi 100 bila kukuonya, na intaneti inaendelea kupatikana kama kawaida. Ndiyo maana tatizo hili huchelewa kugundulika.

Weka kebo isiyo na hitilafu ya Cat5e, daraja la kebo linaloweza gigabiti (imeandikwa kwenye ganda lake). Bado 100? Hamishia tundu lingine, maana baadhi ya ruta za faiba zina tundu moja tu la gigabiti, mara nyingi LAN1. Kagua pia kadi ya mtandao ya kompyuta, za zamani huishia 100.

Mambo yakikaa sawa, faili zitashuka kwa karibu MB (megabaiti) 25 kwa sekunde, kwa kuwa baiti 1 ni biti 8.