Wasomaji Wanauliza: Kipimo cha Korona Nyumbani na Dozi ya Nyongeza

Barua na ujumbe wa simu kutoka Mtwara na Lindi mwezi huu zimekuja na maswali yanayofanana: vipimo vya UVIKO-19 vya kujipimia nyumbani, vingi vimeletwa na ndugu walio nje, na dozi ya nyongeza ambayo wengi huiita busta. Tumejibu yale yanayowagusa wengi.

*

Mwanangu anaishi Uingereza. Alipokuja likizo aliniachia boksi la vipimo, nikaliweka juu ya kabati chumbani. Nyumba yetu ni ya bati, haina siling bodi. Sasa naona tarehe ya mwisho imepita miezi miwili. Nitumie au nitupe?
*Mama mtu mzima, Chikongola, Mtwara*

Shikamoo mama. Kabla ya tarehe, tuanze na kabati. Vipimo vingi vya aina hii vinatakiwa kukaa kwenye joto la nyuzi 2 hadi 30. Chini ya bati lisilo na siling, mchana wa Desemba au Februari, juu ya kabati ndipo mahali pa moto kuliko pote chumbani, na nyuzi 30 hupitwa upesi. Ndani ya kile kijikaratasi kilichomo kwenye kaseti, yaani kile kiplastiki bapa cha kipimo, kuna kingamwili zilizokaushwa, na ndizo zinazokamata protini ya kirusi. Joto likizichosha, hazikamati tena vizuri. Bafa nayo, yaani yale maji ya kwenye kichupa, hupungua polepole.

Hatari yake ni kwamba hutaona dalili yoyote. Mstari wa C unaweza kutoka vilevile, kwa sababu C inakuambia tu kwamba maji yamepita na sehemu hiyo ya kijikaratasi inafanya kazi. Haikuambii kama upande wa T, ule mstari wa kuonyesha ugonjwa, bado una nguvu ya kumkamata kirusi aliye kidogo. Utapata jibu la "hakuna", nawe uende ukamlee mjukuu mchanga ukiwa na ugonjwa.

Kuhusu tarehe, ni kweli watengenezaji kadhaa waliongeza muda baada ya maboksi kuchapwa. Msomee mwanao kwa simu namba ya toleo iliyo ubavuni mwa boksi, atafute jina la mtengenezaji aone kama toleo hilo limeongezewa muda. Lakini nyongeza hiyo ilihesabiwa kwa vipimo vilivyohifadhiwa ipasavyo. Hivyo vyako vimekaa juu ya kabati msimu mzima wa joto. Ushauri wetu ni uvitupe.

Ukiletewa vingine, viweke chini ya kitanda kwenye sakafu ya saruji, mbali na ukuta unaopigwa na jua la jioni. Friji inafaa, friza haifai. Ukivitoa kwenye friji, viache mezani nusu saa kabla ya kufungua. Na ukitumiwa kwa basi kutoka Dar es Salaam, omba abiria unayemfahamu akae navyo ndani ya gari. Buti la basi safari nzima ya kusini ni tanuri.

*

Nimejipima mara tatu, hata mstari wa C hautoki. Vipimo ni vipya. Nakosea wapi?
*Kijana, Mangaka, Nanyumbu*

C isipotoka, kipimo hakijafanya kazi, hata kama T imetoka. Makosa tunayoyasikia zaidi ni matatu. La kwanza ni kudondoshea kwenye dirisha la kusomea badala ya kile kitundu kidogo cha duara au yai chenye herufi S. La pili ni matone machache: vipimo vingine vinataka 2, vingine 3, vingine 4 au 5, na idadi imeandikwa kwenye karatasi ya boksi lako mwenyewe. Usifuate ya jirani. La tatu ni la watu waliozoea kipimo cha malaria cha haraka. Kaseti zinafanana sana, basi mtu anachoma kidole na kuweka damu. Hiki hakitaki damu hata tone moja.

Anza hivi. Penga kamasi, osha mikono kwa sabuni, kausha kabisa. Weka kichupa cha bafa kimesimama. Kama boksi halina tundu la kukisimamisha, kikombe kidogo cha chai kinatosha. Ingiza kijiti cha pamba puani kiasi cha sentimita 2, usisukume juu kuelekea machoni bali nyuma, sambamba na sakafu. Zungusha ukigusa kuta za pua angalau mara 5, kama sekunde 15. Hamia tundu la pili kwa kijiti hichohicho. Watu wengi hugusa tu mlangoni na kutoa. Kijiti kikavu hakina cha kupima.

Tumbukiza kijiti kwenye bafa, kizungushe na kukibana kwenye kuta za kichupa kwa muda ulioandikwa. Unapokitoa, minya kichupa kwa vidole viwili ili pamba iachie maji yote. Hapa ndipo sampuli nyingi hupotea: zinatoka na pamba. Funga kifuniko chenye mdomo wa kudondoshea. Sasa ndipo ufungue pakiti ya foili, si mapema. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi, na kaseti iliyokaa wazi inaunyonya kabla hujaitumia. Iweke mahali palipo sawa, dondoshea matone ukiwa umeshika kichupa wima, na usiiguse tena. Meza iliyolala upande mmoja hupeleka maji upande mmoja.

Kama kamasi ni zito, maji hayapandi. Penga tena, tumia kipimo kipya. Na kama pua imetoka damu, subiri hadi kesho.

*

Mstari wa T ulitoka hafifu sana, kama kivuli. Mume wangu anasema hauhesabiki. Kingine nilikisahau, nikakuta mstari asubuhi. Nani mkweli?
*Msomaji, Rahaleo, Lindi*

Dada, mstari hafifu uliotoka ndani ya muda ni ugonjwa upo. Rangi inafuata wingi wa protini ya kirusi kwenye sampuli; kidogo hutoa hafifu, nyingi hutoa nzito. Mwambie shemeji yetu hivyo kwa upole, lakini alale chumba kingine.

Ule wa asubuhi usiuhesabu. Kipimo kinasomwa dakika 15 hadi 20, vingine hadi 30. Muda ukipita, maji yanakauka na rangi iliyokuwa inaelea inaweza kukwama pale kwenye T na kuacha alama ya kijivu. Weka alamu ya simu, usikadirie.

*

Wanafunzi wangu walidondoshea maji ya ndimu, mistari miwili ikatoka. Sasa kijiji kizima kinasema kipimo ni uongo, yaleyale ya papai.
*Mwalimu, Nachingwea*

Mwalimu, wanafunzi wako wameona kweli, ila jaribio halikuwa la haki. Kingamwili zilizo kwenye mstari wa T hufanya kazi katika kiwango maalumu cha uchachu, na kazi ya bafa ni kulinda kiwango hicho. Ndimu au soda ikiingia bila bafa, uchachu unaziharibu umbo na zinashikana na rangi hovyo, bila kirusi chochote. Ukitaka kuwaonyesha, changanya ndimu kidogo sana ndani ya bafa ya boksi kwanza. Mara nyingi ule mstari wa uongo hautoki, kwa kuwa bafa imeukata uchachu.

Kuhusu papai: Mei 2020 Rais Magufuli alisema hadharani kwamba sampuli za papai na mbuzi zilizopelekwa maabara zilitoa majibu ya kuwa na korona. Vile vilikuwa vipimo vya maabara vinavyotafuta vinasaba vya kirusi. Kaseti ya nyumbani inatafuta protini, kwa njia nyingine kabisa. Ubishi wa kile hausemi lolote juu ya hiki.

*

Msimu wa kupulizia salfa kwenye mikorosho, nyumba nzima tunakohoa na pua zinatoka maji. Tutajuaje kama ni salfa au korona?
*Mkulima, Mahuta, Tandahimba*

Vumbi la salfa huwasha macho, pua na koo, na linaweza kukohoza kwa siku kadhaa, hasa kwa anayebeba mashine bila kufunika uso. Dalili zake hufuata shamba: zinazidi siku ya kupulizia, zinapungua ukikaa nyumbani siku moja au mbili. Salfa haileti homa wala haiambukizi. Bibi asiyetoka nyumbani akianza kukohoa siku tatu baada yako, usiisingizie salfa. Pima.

Homa ikiwepo, kipimo cha korona peke yake hakitoshi huku kwetu. Mtwara na Lindi malaria ni nyingi, na mtu anaweza kuwa nayo yote mawili kwa pamoja. Nenda zahanati upimwe malaria siku hiyohiyo, hata kama kaseti ya korona imeonyesha mistari miwili. Hili tunalisisitiza kwa sababu mtoto mwenye malaria hana siku mbili za kusubiri.

*

Nilipima nikaonekana sina, nikaenda msibani Mitwero. Siku mbili baadaye nimepima, ninao. Je, niliwaambukiza watu nikiwa na kipimo safi mkononi?
*Msomaji, Lindi mjini*

Inawezekana, na pole kwa msiba. Kaseti inahitaji kirusi awe mwingi puani, na siku ya kwanza ya dalili mara nyingi bado ni mchache. Ndiyo maana mamlaka ya dawa ya Marekani, tangu Agosti 2022, imeelekeza kurudia: mwenye dalili apime mara 2, zikipishana saa 48, asiye na dalili lakini amekaa na mgonjwa apime mara 3, kila baada ya saa 48. Jibu la "sina" moja ni la saa ile tu.

Ukiwa na mafua, toa rambirambi kwa simu, au kaa nje chini ya mwembe ukiwa na barakoa, na usiingie chumba walichokaa wazee. Kwa sasa wapigie waliokaa karibu nawe, hasa wenye sukari au pumu. Wewe jitenge siku 10 tangu dalili zianze, muda uliotajwa na Shirika la Afya Duniani Januari 2023. Kipimo kikionyesha huna tena, unaweza kutoka mapema.

*

Nilichanjwa Janssen sindano moja mwaka 2021. Nina miaka 66 na sukari. Nilivuka na kivuko kwenda kutafuta busta, nesi akaniambia nirudi siku watu wakitimia. Ni haki?
*Mzee, Msangamkuu*

Shikamoo mzee wetu. Chanjo ilizinduliwa nchini tarehe 28 Julai 2021, Rais Samia Suluhu Hassan akichanjwa hadharani, na Janssen ndiyo iliyoanza. Wakati ule sindano moja ilihesabika dozi kamili. Kwa umri wako na sukari, wewe uko kwenye kundi la kwanza katika mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Machi 2023: wazee, wenye magonjwa sugu, wenye kinga dhaifu, wajawazito na wahudumu wa afya wa mstari wa mbele. Hao walishauriwa nyongeza miezi 6 au 12 baada ya dozi ya mwisho. Mtu mzima mwenye afya njema, mwongozo huo ulisema dozi za mwanzo na nyongeza moja zinamtosha. Si lazima upate aina ileile. Baada ya Janssen unaweza kupewa Pfizer au Moderna.

Nesi hakukudharau. Kichupa kimoja cha Janssen kina dozi 5, cha Pfizer kilichozoeleka kina 6, na kikishatobolewa kinatakiwa kiishe ndani ya saa 6. Akikufungulia peke yako, zinazobaki zinamwagwa. Lakini nauli ya kivuko nayo ni fedha, kwa hiyo mjipange: tafuta wenzako wanne au watano wa rika lako, mpige simu kituoni mapema kuuliza kama chanjo ipo na ni aina gani, mwende pamoja asubuhi. Simu ya bure ya Wizara ya Afya ni 199. Beba kadi yako ya zamani.

*

Baada ya sindano nilipata homa na mkono kuvimba. Je, nikijipima sasa kipimo kitaonyesha korona kwa sababu ya chanjo?
*Muuza samaki, Kilwa Masoko*

Hapana. Kaseti inatafuta protini ya kirusi puani, na sindano ya begani haipeleki kirusi puani. Mistari miwili baada ya chanjo ina maana umeambukizwa kweli, pengine siku chache kabla ya kuchanjwa.

Maumivu ya mkono, uchovu na homa ndogo huisha ndani ya siku 1 hadi 3. Paracetamol ya miligramu 500, vidonge 2 kila baada ya saa 6 hadi 8, visizidi 8 kwa siku. Mwenye matatizo ya ini aulize kwanza. Usimeze kabla ya sindano kwa kujihami. Homa ikipita saa 48, acha kuisingizia chanjo na kapime malaria. Na kama ulichanjwa Janssen, kichwa kikali kisichokoma, mguu kuvimba, kifua kubana au tumbo kuuma sana ndani ya wiki 3 ni sababu ya kwenda hospitali leo. Kuganda kwa damu baada ya chanjo hiyo ni kwa nadra sana, lakini hakusubiri.

*

Natumia dawa za kufubaza VVU. Nifuate ratiba ya wengine?
*Msomaji, Masasi*

Kama unameza dawa vizuri na virusi vimefubaa, ndiyo. Kama CD4 zako, yaani zile chembe za kinga zinazopimwa kwenye damu, ziko chini ya 200, unahesabiwa mwenye kinga dhaifu na unaweza kuhitaji dozi moja zaidi katika zile za mwanzo, mwezi 1 hadi 3 baada ya iliyotangulia. Uliza CTC, kliniki unakochukulia dawa, siku ya kuzichukua. Usiache dawa zako kwa ajili ya sindano.

*

Mama yangu alidhani kile kichupa ni dawa ya macho, akadondoshea.
*Msomaji, Newala*

Mwoshe sasa hivi kwa maji safi yanayotiririka, jicho likiwa wazi, dakika 15 bila kuacha. Bafa za vipimo vingine zina sodiamu azaidi, ambayo ni sumu. Jicho likiendelea kuwasha au kuona ukungu, mpeleke hospitali pamoja na boksi lenyewe ili daktari asome kilichomo. Vichupa vilivyobaki viandike kwa kalamu ya wino mzito, na uviweke mbali na dawa zake.