Mulipe miti iliyovuka viangazi viwili

Mhariri, mmeuliza wiki hii kama serikali itoe ruzuku kwa wenye mashamba ya miti na vitalu vya miche. Mimi nina kitalu upande wa Kasapa, hapa Lubumbashi, kwa hiyo mtadhani nitaitika mbiombio. Naitika, ila pesa hiyo isinunue miche ya kugawa bure.

Kuna mwaka nilikuwa na miche elfu nne ya akasia, imefika magotini. Mbegu yake ni ngumu kama kokoto: unaimwagia maji yaliyochemka, unaiacha ilale humo hadi asubuhi ndipo ivimbe. Udongo nautoa kwenye kichuguu, vile vyetu vinavyopita paa la nyumba. Napondaponda, nachekecha, nachanganya na mbolea ya kuku, najaza kifuko kimoja kimoja. Wateja walikuwa wameshaniahidi. Mwezi wa tatu likaja lori la mradi fulani, likamwaga miche ya bure. Wateja wangu wakapanga foleni (hata mimi ningepanga). Wiki chache baadaye mvua ikakatika. Mwezi wa nane nikapita kwenye shule moja iliyopewa: miche imeegemezwa ukutani, bado ndani ya vifuko, imekauka kama vijiti vya kuwashia jiko la mbabula. Sidhani kama kwenye ripoti iliandikwa hivyo.

Kwetu kupanda ni kazi ya siku moja. Shughuli iko kati ya mwezi wa tano na wa kumi, mvua imekatika na moto wa porini unatembea usiku. Aliyefyeka njia ya moto kuzunguka shamba lake, mti wake ukavuka viangazi viwili, huyo ndiye alipwe. Akijua atalipwa, atakuja kununua miche mizuri kwangu au kwa jirani yangu, na sisi wa vitalu tutakuwa tumepata ruzuku yetu hapohapo.

Uganda walianza kitu cha namna hiyo mwaka 2004, kwa msaada wa Umoja wa Ulaya na Norwe: ulikuwa unapanda kwa pesa yako, mkaguzi anakuja, akikuta miti iko sawa unarudishiwa sehemu ya gharama. Ila walianza na wenye hekta 25 kwenda juu. Hapa kwetu mwenye hekta 25 ni nani, kama si mheshimiwa au mtu wa machimbo? Kule Mampu, kwenye uwanda wa Bateke upande wa Kinshasa, familia zaidi ya 300 zilipata hekta 25 kila moja, lakini akasia ilikuwa imeshapandwa na mradi. Sisi wengi tunalima nusu hekta kwa neno la chefu wa kijiji, bila karatasi. Mkidai karatasi kwanza, ruzuku itaishia mjini.

Halafu kuna makala, yaani mkaa, ya miombo, miti ya porini. Mchomaji hakupanda ule mti, analipia jasho lake na vizuizi vya barabarani tu. Mimi niliyemwagilia, nitauza makala yangu bei gani nimshinde?

Mkaguzi akitafuta pa kuanzia, kuna mama jirani aliyechukua kwangu miche 60, akanilipa kwa mafungu matatu. Kiangazi cha pili kimepita, amebaki na 52. Ukimuuliza ile minane, atakuonyesha mmoja mmoja ulipokuwa umesimama.