Mipaka ya kristali kwenye chuma inasaidia au inaharibu?

SWALI: Nasikia chuma ni kristali ndogondogo zimeshikana, sasa atomu ikitoka mahali pake inaenda wapi, na ile mipaka kati ya kristali ina faida gani?

JIBU: Faida ipo kubwa tu. Mionzi ya kinu cha nyuklia ikigonga atomu inaacha tundu, na ile iliyong'oka inajibana katikati ya zingine, halafu vyote vinahamahama hadi vifike mpakani, ambako mpangilio wa atomu umelegea, vinamezwa hapo, ndo maana kristali zikiwa ndogo sana metali nyingi zinavumilia mionzi vizuri zaidi. Ila mpaka unavuta uchafu pia, yaani atomu za elementi ngeni! Bismuthi (metali nyingine) kidogo tu ikijikusanya hapo, shaba iliyokuwa inapindika inavunjika kama kioo. Boroni, elementi nyingine, ni kinyume, kwenye mchanganyiko wa nikeli na alumini inaimarisha mipaka.