Jaka Sembung (1981): usirukie pambano la mwisho

Mkuu, usifanye hivyo! Umesema umeipata Jaka Sembung, ile filamu ya mapigano ya Indonesia ya enzi za ukoloni wa Waholanzi, unataka kuisogeza mbele hadi pambano la mwisho kwa kuwa "katikati ni siasa za Waholanzi tu", halafu uhamie filamu inayofuata, Si Buta Lawan Jaka Sembung. Mimi niliiangalia hivyo hivyo mara ya kwanza. Mwisho niliuona wote, ila sikuambulia kitu.

Mwisho wa filamu hii umefungwa na sharti moja. Ki Item, yule mchawi anayefufuliwa kaburini ili ammalize Parmin, yaani shujaa Jaka Sembung mwenyewe, ana nguvu ambazo kule Java wanaziita rawa rontek. Mwenye nguvu hizo ukimkata, kiungo kikigusa ardhi kinarudi mahali pake na yeye anainuka mzima. Ardhi ndiyo inayompa uhai. Ukishalijua hilo, huangalii tena nani mwepesi wa mikono kwenye silat, mapigano ya jadi ya kule, unaangalia chini. Kila Barry Prima, anayemcheza Parmin, anaporusha pigo unabana pumzi: kipande kitaangukia wapi? Parmin anavyopata njia sikuambii, utamu wote uko hapo. Mimi niliyeruka niliona kichwa kinapaa na kurudi shingoni, nikadhani ni kiini macho cha filamu isiyokuwa na hela.

Na hiyo katikati unayoidharau ndiko Parmin anakamatwa, anang'olewa macho, anageuzwa nguruwe. Ukiikosa, anayesimama mbele ya Ki Item mwishoni ni mpiganaji tu kama wengine. Ukiiona, yule ni mtu aliyenyang'anywa hadi umbo la ubinadamu, akarudi.

Aliyenipotosha ni muuza diski mmoja, aliniapia kwamba filamu za zamani za Indonesia "ni ngumi tu, hadithi hamna". Mpaka leo nikimkumbuka napandisha hasira. Hadithi hamna? Parmin ametoka kwenye vitabu vya katuni vya Djair Warni, Wajava walikuwa wanamsoma kabla hajapanda kwenye skrini. Van Schramm, kamanda wa Kiholanzi, anachezwa na Dicky Zulkarnaen, ambaye mwaka 1970 ndiye alikuwa Si Pitung, jambazi wa Batavia (Jakarta ya zamani) aliyewatoa jasho Waholanzi hao hao. Hebu fikiria mtazamaji wa Jakarta anamwona shujaa wake amevaa sare ya adui. Halafu mtu anakwambia hadithi hamna!

Mwongozaji, Sisworo Gautama Putra, mwaka mmoja kabla alikuwa ametengeneza Pengabdi Setan, filamu ya kutisha. Anajua kupanda hofu mapema na kuivuna baadaye, kwa hiyo ukiruka unavuna usichokiona kikipandwa.

Si Buta ni ya 1983, itakusubiri. Irudishe hii mwanzo kabisa, na Ki Item akishatoka kaburini usiguse rimoti.