Siku 4 Lisbon na mkeo zinatosha

Kaka umeuliza kama siku 4 Lisbon, kule Ureno, zinatosha kwa wewe na mkeo kutembea taratibu, mi nasema zinatosha kabisa ila msijaze ratiba. Mimi na mume wangu tulianzia Alfama asubuhi, ule mtaa haukubomoka sana na tetemeko la 1755 ndo maana vichochoro bado vyembamba vinapindapinda, kama mshawahi kuzunguka Mji Mkongwe Unguja mtajiona mko nyumbani, nguo zimeanikwa madirishani na bibi kakaa mlangoni kwake. Vilima na ngazi ni vingi na mawe ya njiani yanateleza, wifi avae raba. Tramu namba 28 pandeni mapema, baadaye ni kusukumana tu na wezi wa mifukoni wapo.

Siku nyingine nendeni mtaa wa Belém, ila isiwe Jumatatu maana Jerónimos, ile monasteri ya zamani, panafungwa, mle kanisani kuna kaburi la Vasco da Gama, huyu huyu aliyefika Mombasa na Malindi 1498, mi nilisimama pale muda mrefu sana kwa kweli. Mkitoka kuleni pastel za moto, vile vitafunwa vya kastadi, nyunyizieni mdalasini, ganda lake linavunjika mdomoni kama sambusa iliyotoka kwenye mafuta sasa hivi.

Jioni chukueni pantoni gati la Cais do Sodré mpaka Cacilhas, ng'ambo ya mto, kama dakika 10 tu na nauli ndogo, mkae ng'ambo mle samaki jua likizama, simu ziwekeni kwenye mkoba.