Ukumbi Ukinyamaza Mimi Huingiwa na Wasiwasi

Mhariri, mmeuliza wiki hii kama mtazamaji ana haki ya kupaza sauti mchezo wa jukwaani ukiendelea. Anayo, tena ukumbi uliotulia kama chumba cha mtihani hunifanya nishuku kwamba mchezo haujashika.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na huwapeleka wanafunzi wa shule ya upili kutazama maigizo ya vitabu vya kutahiniwa. Enzi za Kigogo, tamthilia ya Pauline Kea, watoto walikuwa wamekariri mazungumzo hata Majoka, mtawala katika mchezo huo, akifungua kinywa tu, nusu ya ukumbi imeshammalizia sentensi. Kisha ikafika pale ofisini, Husda, mke wa Majoka, anapomkuta mumewe na Ashua, mke wa mtu mwingine. Mwigizaji wa Husda alisimama mlangoni, mkono kiunoni, asiseme neno. Mayowe yakapanda. Akangoja. Akamtazama Ashua kutoka kichwani hadi miguuni, polepole, mayowe yakapanda tena, na yalipoanza tu kufifia akamrukia. Angewahi kidogo, maneno yake yangemezwa na kelele. Angechelewa, moto ungezimika. Ustadi huo haufundishwi na watu waliofunga midomo.

Wapo wanaosema ustaarabu ni kutulia na kupiga makofi mwishoni. Ustaarabu wa nani? Kamirithu, kule Limuru, mwaka 1977, mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ ulifanyiwa mazoezi hadharani, na wanakijiji waliokuja kutazama wakawa wanawasahihisha waigizaji. Ulipoanza kuonyeshwa watu walifurika, na mwaka haujaisha serikali ikaupiga marufuku. Hata huyo Shakespeare tunayetajiwa kila tukiambiwa tunyamaze, watazamaji wake wa bei ya chini walisimama uani, mbele ya jukwaa, na hawakusifika kwa utulivu. Mwaka 2012 kundi la Kenya lilipeleka mchezo wake kwa Kiswahili katika ukumbi wa Globe, London, na uani pale watu husimama hadi leo.

Ila kuna kelele na kelele. Anayeguna Ashua anaposhikwa yumo ndani ya mchezo. Anayetupa mzaha wake katikati ya kilio ili safu nzima imgeukie yeye, huyo anataka jukwaa na hajafanya mazoezi; atolewe nje, sitamtetea.

Mbaya zaidi, kwangu, ni asiyetoa sauti yoyote: mwenye simu. Taa zimezimwa, mwigizaji amepiga magoti, na mbele yako kuna kioo kinang'aa, mtu anarekodi atakachowatumia wasiokuwepo. Mwanga ule humpiga usoni aliyeketi nyuma yake. Wala msidhani ni wanafunzi, maana wao simu hawaruhusiwi shuleni. Ni walimu wenzangu, safu ya mbele kabisa, wale wale wanaogeuka nyuma kuwaambia watoto, “Shhh!”